Uza Hiyo Pedali, Ununue Masikio

Mwezi wa tatu, saa sita usiku, kijana mmoja wa Nakuru alinitumia picha. Pedali mbili mpya, moja ya oktava na moja ya distoshoni, amezilaza juu ya blanketi kama mapacha waliotoka hospitali jana. Chini yake swali: "Mkuu, nilifuata ile video yako nikanunua zote mbili. Sasa nachomeka wapi ndio niskie?"

Hakuwa na ampu. Hakuwa na hedifoni ya maana. Alikuwa na besi ya mtumba, waya mmoja, na pedali mbili zilizokula pesa yote aliyopata akiosha magari likizo nzima.

Nilisoma ule ujumbe mara tatu nikitafuta mahali pa kumlaumu yeye. Sikupata. Video ni yangu. Mimi ndiye niliyesema kuna pedali tano ambazo kila mpiga besi lazima awe nazo, nikazipiga moja moja kwenye ubao ambao hata haukuwa wangu, nikaweka linki, na kila aliyenunua kupitia pale niliangushiwa kitu kidogo kwa M-Pesa. Ile video nimeitoa. Kilichobaki ni kusema nilichopaswa kusema tangu mwanzo.

Kama unaanza besi, usinunue pedali. Hata moja. Hata ile ndogo ya bei poa, hata ile ya msee anayehama na "anakufanyia tu kwa sababu ni wewe." Besi ikishapatikana, pesa inayofuata iende kwa kitu kitakachokufanya ujisikie vile unavyopiga kweli. Ampu ndogo ya mazoezi, au kifaa cha hedifoni. Basi. Mengine yasubiri mwaka.

Najua wapenzi wa vifaa washaanza kukasirika. Ati nawaharibia vijana raha. Tulieni kwanza niwaambie vile mimi nilijifunza hili somo, kwa sababu sikulisoma mahali.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo, HELB ikaingia. Besi nilikuwa nayo tayari. Nikashuka tao nikanunua mashine moja ya madoido mengi, ya mkono wa pili, shilingi 9,500. Ilikuwa ya zamani, haina hata tundu la hedifoni, lakini ilikuwa na madoido zaidi ya 50 na taa nyekundu za kutosha kuendesha disko matanga. Ampu sikununua. Nilijiambia, si kuna wufa ya jamaa tunayeishi naye?

Tulikuwa tunaishi bedsita moja Zimmerman. Nikachomeka besi kwa pedali, pedali kwa wufa, na kwa wiki mbili nilikuwa mfalme. Shida ni kwamba wufa ya nyumbani imetengenezewa muziki ambao tayari umepunguzwa makali studio. Besi mbichi haijapunguzwa. Kidole kikigonga uzi kwa nguvu, sauti inaruka ghafla mara kadhaa juu ya kiwango cha kawaida, na spika inasukumwa mpaka mahali haikuumbiwa kufika. Siku ya kumi na tano nilipiga E ya chini na wufa ikalia kama mbuzi amekanyagwa, halafu kimya. Nililipa. Jamaa hakuniongelesha mpaka mitihani.

Lakini hiyo haikuwa aibu yenyewe. Aibu ilikuja Jumamosi moja kanisani, mazoezi ya sifa na kuabudu. Mnajua vile makanisa yetu yamepangwa: besi haina ampu jukwaani, unachomeka kwa kisanduku cha DI, sauti inaenda kwa mikisa, inatoka kwa spika kubwa. Nilikuwa nimesahau adapta ya pedali nyumbani. Msee wa sauti akasema hakuna shida, chomeka moja kwa moja. Wimbo ulikuwa na kodi nne. Nne! Wimbo ambao mtoto wa shule ya Jumapili angeupiga na kijiko.

Kwa mara ya kwanza nilijisikia. Noti moja inapasuka, inayofuata imepotea. Nyuzi ambazo sikuwa nimezigusa zinalia nyuma kama nzi. Kila nikihama kodi nilifika nikiwa nimechelewa kidogo, na lile pengo lote ambalo distoshoni na korasi zilikuwa zinaziba nyumbani sasa lilikuwa wazi mbele ya waimbaji saba. Mzee wa kinanda, tunamwita Anko, alisimamisha wimbo kwa upole. Akasema, "Kijana wangu, pumzika kidogo. Besi nitashika na mkono wa kushoto."

Aliyewahi kupiga besi kanisani hapa Kenya anaijua hiyo sentensi. Haina hasira hata kidogo, na ndiyo maana inauma.

Miezi minne nilikuwa nimefanya mazoezi kila siku. Miezi minne! Sikuwa mvivu. Nilikuwa nafanya mazoezi na mashine iliyokuwa inanidanganya.

Twende polepole hapa, kwa sababu kila pedali ina namna yake ya kudanganya. Kompresa ndiyo inayosifiwa kuliko zote, ati ndiyo pedali ya kwanza ya mpiga besi. Kazi yake ni kushusha noti kubwa na kuinua ndogo zikae kiwango kimoja. Kwa anayejua kupiga inasaidia besi kukaa vizuri ndani ya wimbo. Kwa anayeanza ni kama dada mkubwa anayekufanyia homuwaki: daftari safi, mtihani ukija umeanguka na pua. Kidole chako cha shahada kina nguvu, cha kati ni kivivu, na kompresa inakuambia vyote viko sawa. Distoshoni nayo inajaza nafasi zote kati ya noti, kwa hivyo huwezi kujua kama uliachilia noti mapema au ulichelewa. Na kama ni ile iliyotengenezewa gitaa la kawaida, nyingi zinakata sauti za chini, kumaanisha umelipa pesa yako ili besi iache kuwa besi. Oktava, hasa zile za analogi, zinafuata noti moja kwa wakati. Uzi wa jirani ukilia kidogo tu, inachanganyikiwa na kuanza kuyumba kama mlevi anatafuta mlango.

Ile filta inayolia kama bata ni kesi ya pekee, kwa sababu haifichi, inakuanika. Inafunguka kulingana na nguvu ya kidole. Vidole visipolingana, noti moja itasema kwaa na inayofuata haitasema chochote. Lakini anayeanza hajui kusoma huo ujumbe. Atasema pedali ni mbovu na kuiuza kwa hasara. Nilisema hivyo. Nikauza kwa hasara.

Kuna kundi lingine nalo, wale wa kujifanya watakatifu: "Huhitaji hata ampu, piga tu bila kuchomeka, vidole ndivyo muhimu." Hapana, bana. Besi ya umeme isipochomekwa husikii kitu, kwa hivyo unaanza kuigonga kwa nguvu ndio usikie. Ukizoea hivyo mwezi mzima, mkono unakuwa wa kuvunja kuni. Siku ukichomeka, kila noti inapasuka. Tena bila kuchomeka huwezi kusikia kitu muhimu kuliko vyote kwa anayeanza, ambacho ni kuzima nyuzi. Ukipiga uzi wa D, ule wa A ulio wazi unatikisika wenyewe na kuimba chini chini. Mpiga besi mzuri anauzima bila kufikiri. Kidole kikishavuta D kinapumzika kwa A, gumba linalala juu ya E, na vidole vya mkono wa kushoto vinagusa vile vilivyobaki. Nusu ya upigaji besi ni kunyamazisha. Na huwezi kunyamazisha usichokisikia.

Mnataka mashahidi? James Jamerson alipiga besi kwa nyimbo nyingi sana za Motown kule Detroit miaka ya 1960, akitumia kidole kimoja cha shahada na nyuzi kuukuu ambazo hakupenda kubadilisha. Studio, besi yake mara nyingi iliingia moja kwa moja kwenye mitambo. Bootsy Collins, yule wa miwani ya nyota, kabla ya filta zake za ajabu alipitia bendi ya James Brown mwaka 1970 na 1971, na alichosisitiziwa huko ni kugonga pigo la kwanza mahali pake. Mtaniambia Cliff Burton. Sawa, alipiga na distoshoni na wawa kwenye albamu ya kwanza ya Metallica, 1983. Alikuwa ameshakaa chini ya mwalimu wa besi kabla ya hapo. Halafu rudini nyumbani. Les Wanyika, kundi lililoanzishwa hapa Nairobi mwaka 1978, na besi ya Tom Malanga kwenye Sina Makosa. Weka hedifoni uisikilize peke yake. Unaweza kuhesabu kila noti inapoanza na inapoishia. Harusini ikipigwa, hata mama wa jikoni anasogeza mabega kwa hiyo besi, na hakuna anayeuliza ilipitia pedali gani.

Sasa pesa. Hesabu ya ampu inaanza na mahali utakapopigia. Kama ni kanisani au shuleni, nimeshasema, utaingia kwa mikisa. Ampu yako haitatoka nyumbani. Kwa hivyo wati 100 ni za kushindana na nani, keateka? Wati 15 mpaka 25 zinatosha chumba. Tena wati hazifanyi kazi vile wauzaji wanavyokuambia. Ukizidisha mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio inaiona ndogo. Unayehitaji kupiga na mpiga ngoma mwenye mkono mzito, hiyo ni hadithi nyingine, na si ya mwaka wa kwanza.

Tafuta spika ya inchi 8 au 10, tundu la hedifoni, na tundu la kuchomeka simu ili upige pamoja na nyimbo. Fender Rumble 25 na Orange Crush Bass 25 zote mbili ni wati 25, spika ya inchi 8, na zina hayo matundu. Sijalipwa na yeyote, na safari hii hakuna linki. Ukipata nyingine ya aina hiyo, imetumika lakini nzima, chukua.

Ukienda kununua ya mkono wa pili, iwe Luthuli Avenue au kwa mtu sebuleni, beba besi yako na waya wako. Usikubali kuonyeshwa na simu, ati "skia vile inapiga muziki." Piga E ya chini, sauti ikiwa nusu, usikilize kama kuna kitu kinatetemeka ndani. Zungusha kila nobu taratibu; ikikwaruza, bei ishuke. Iache iwake dakika 15 ikipigwa. Halafu geuza uangalie nyuma imeandikwa volti ngapi. Hii naomba mniskie vizuri. Ampu nyingi zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani ni za volti 120. Stima yetu ni 240. Ukiichomeka ukutani bila kibadilishaji, utanunua moshi.

Nyumbani usiiweke sakafuni kwenye kona. Pale itavuma tu na hutasikia noti. Iweke juu ya kiti, ikuangalie usoni. Na acha kuzungusha nobu ya besi mpaka mwisho. Sauti ikiwa ndogo, masikio ya binadamu hayashiki vizuri zile za chini kabisa, kwa hivyo unaongeza, na unaongeza, na spika ndogo inaanza kukoroma. E ya chini inatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Hiyo spika ya inchi 8 haiwezi kuitoa yote hata ukiiombea. Ongeza za kati badala yake. Hapo ndipo noti inasikika ni noti gani, na ndipo makosa yako yanakaa.

Shida ya keja zetu ni kuta. Wimbi la hiyo E lina urefu wa zaidi ya mita 8, refu kuliko bedsita yako yote, na ukuta wa mawe haulitishi. Jirani atasikia besi yako hata asiposikia runinga yako. Kwa hivyo kwa wengi wetu hedifoni ndiyo jibu. Kuna vifaa vidogo kama Vox amPlug vya kuchomeka kwa besi yenyewe, unaweka hedifoni, umemaliza.

Na hapa nikubali kitu, kwa sababu najua kuna mtu ameshika simu anasubiri kunirukia. Kuna mashine ndogo za madoido mengi, kama Zoom B1 Four, ambazo zina nafasi ya hedifoni, midundo ya ngoma, tyuna, na zinatumia betri 4 za kawaida hata stima ikipotea. Kwa mtu wa bedsita hiyo inaweza kuwa ununuzi mzuri kuliko ampu. Nakubali kabisa. Lakini unainunua kwa sababu ya hedifoni na ngoma, na madoido yote yazimwe miezi sita. Yote. Ukiona mkono unaenda kwa ile distoshoni, enda upike chai.

Tyuna na metronomu ziko kwa simu, bure. Siku utakapoanza kusimama mbele ya watu, nunua pedali ya tyuna, hiyo nitakubariki, kwa sababu inakata sauti ukiwa unarekebisha nyuzi na mhubiri anaongea. Na tafadhali, pedali ikishafika, usiichomeke adapta ya ruta ya Wi-Fi ati pini inaingia. Pedali nyingi ni volti 9 na pini ya katikati ni hasi. Za ruta mara nyingi ni volti 12 na katikati ni chanya. Kuna pedali ya rafiki yangu inaitwa marehemu.

Hamwezi kuniuliza mbona watengeneza maudhui wote wanaonyesha pedali kama nilijua haya. Mnaweza, kwa kweli, na jibu ni baya. Pedali inapendeza kwa kamera. Ina rangi, ina taa, ukikanyaga sauti inabadilika sekunde hiyo hiyo, na mtazamaji anahisi ameona kitu. Nani atatazama dakika tatu za mtu akizima uzi wa A? Nimejaribu. Ile ya kuzima nyuzi ilitazamwa na watu wachache kuliko waliokuwa kwa mazoezi ya kwaya siku hiyo. Ya pedali tano ilinilipia kodi ya nyumba. Sisi tunajua kabisa tunachokiuza, na tunajua anayenunua ni nani. Msee wa bendi mwenye miaka kumi jukwaani hatazami video ya "pedali tano lazima." Anayeitazama ni yule kijana wa gari za kuosha, anayedhani kwamba tofauti kati yake na sisi ni kisanduku cha chuma.

Ampu nayo haina kamisheni ya maana, na ya mkono wa pili haina kabisa. Jumlisha mwenyewe.

Yule wa Nakuru tuliendelea kuongea. Distoshoni aliiuza, akapoteza kama theluthi ya bei. Ile theluthi nilimtumia mimi, na msinipongeze, ilikuwa pesa yake tangu mwanzo. Oktava ilikataa kupata mnunuzi, bado iko kwa boksi. Mwezi wa sita akapata ampu kuukuu ya wati 20, kitambaa cha mbele kimepasuka, nobu moja haipo anazungusha na koleo. Volti 240, alinitumia picha ya nyuma kabla ya kulipa.

Wiki jana akanitumia rekodi ya simu. Kodi nne, polepole, metronomu inagonga nyuma. Vidole vyake bado havilingani, na alipopiga D nilisikia kabisa ule uzi wa A ukiimba chini chini. Nikaanza kumwandikia. Kabla sijamaliza ujumbe wake ukaingia: "Umeskia hiyo A inalia? Nimeishika toka jana. Naitafutia dawa."